Bwana yangu anapiga magoti mbele ya sanamu ya Maria: je, anaabudu sanamu?

SWALI

Jambo Mwalimu. Nimezaliwa na kulelewa katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC, bwana yangu ni Mkatoliki, tunaishi Kadutu hapa Bukavu. Mama mkwe alipofariki alituachia sanamu yake ya Bikira Maria, sasa iko sebuleni. Kila jioni bwana yangu anapiga magoti mbele yake na rozari mkononi. Mchungaji wetu amehubiri kwamba nyumba yenye sanamu haina baraka, na kwamba anayeomba watakatifu anaomba wafu. Mwezi ujao tunamaliza matanga, ukoo mzima utakuja kusali rozari mbele ya sanamu hiyo. Je, bwana yangu anaabudu sanamu? Na mimi siku hiyo nitoke nyumbani?

JIBU

Jambo mama, na pole sana kwa msiba wa mama mkwe.

Kwanza ujue anayekujibu anasali wapi, maana kwetu hilo ndilo swali linalotangulia mengine yote. Mimi ni Mprotestanti kama wewe, mtoto wa mama wa CEPAC. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa Legio Maria, chama cha sala cha Wakatoliki, na siku mkutano ulipofanyika kwetu mimi ndiye niliyepanga meza: kitambaa cheupe, sanamu ya Maria katikati, mishumaa miwili, vyombo viwili vya maua. Kitambaa kile alikipiga pasi mama yangu, kwa pasi ya makaa, akikirudia pembeni mpaka kikae sawa. Akishamaliza ananipa, anakwenda jikoni, sala inaanza bila yeye. Nimefundisha historia ya Kanisa miaka mingi, na kila nikifika kwenye somo la sanamu namwona mama na pasi yake.

Jibu fupi ni hili: kwa jinsi ulivyonieleza, bwana yako haabudu sanamu, na siku ya matanga usitoke. Hata hivyo mchungaji wako hasemi maneno ya bure. Kuna mahali ambapo Mprotestanti na Mkatoliki wanaachana kweli kweli, ila mahali hapo si pale anapopaonyesha.

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu kubwa ya ugomvi huu imejificha ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi neno "kuomba" tunalitumia kwa kila kitu. Unaomba chumvi kwa jirani, unaomba ruhusa kazini, unamwomba Mungu. Mkatoliki akisema "namwomba Maria", sikio la Mprotestanti linasikia kile tunachomfanyia Mungu, wakati yeye anakusudia kile unachomfanyia jirani. Sikiliza tu sala yenyewe inavyosema: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Nani anaweza kumwambia Mungu "utuombee"? Atuombee kwa nani? Anayeambiwa neno hilo amekwisha kuwekwa chini ya mwingine aliye mkubwa kuliko yeye. Na nusu ya kwanza ya sala hiyo ni Luka 1, salamu ya malaika na salamu ya Elizabeti, aya ya 28 na ya 42, maneno ambayo wewe na mimi tunayasoma kila Krismasi.

Sasa hilo la kuomba wafu. Mchungaji wako bila shaka alisoma Kumbukumbu la Torati 18:11, na katika Biblia yetu ya Kiswahili imeandikwa hivyo hivyo, "mtu awaombaye wafu". Simlaumu. Lakini Kiebrania cha pale kinamtaja mtu anayewauliza wafu, anayekwenda kutafuta habari kwao. Aya nzima inahusu ramli, uchawi na kupandisha pepo. Mfano wake ni Sauli, aliyekwenda usiku kwa yule mwanamke wa Endori ili Samweli aliyekwisha kufa amwambie vita vitakwendaje (1 Samweli 28). Hilo ndilo Mungu alilolikataza. Bwana yako akishika rozari hamwulizi Maria nani amemloga wala kazi itapatikana lini. Angekuwa anauliza hayo, ningekujibu vingine kabisa.

Neno jingine ni "kusujudu". Amri inasema "Usivisujudie wala kuvitumikia" (Kutoka 20:5). Basi fungua Mwanzo 33:3, Yakobo anakutana na Esau ndugu yake na kuinama mpaka nchi mara saba. Kwa Kiebrania ni kitenzi kile kile kimoja! Wafasiri wa Kiswahili waliandika "kuinama" pale kwa Esau na "kusujudu" pale kwa sanamu, na walifanya vizuri, maana walitazama moyo wa mwinamaji, si magoti yake. Hata Kanisa la kale lililazimika kufanya kazi hiyo hiyo ya kutenganisha maneno.

Habari hii naipenda sana, niruhusu niieleze pole pole. Katika karne ya 8 wafalme wa Konstantinopoli walipiga vita sanamu na picha takatifu, zikavunjwa, zikafutwa ukutani kwa chokaa, na watu waliozitetea wakateswa. Mwaka 787 maaskofu wakakutana Nikea, wakaamua kwamba picha zinaweza kupewa heshima, kuinamiwa, kubusiwa, kuwashiwa taa, lakini ibada yenyewe, ile ambayo Wagiriki waliiita latreia, ni ya Mungu peke yake. Walikuwa na maneno mawili, moja la kuinama kwa heshima na moja la ibada. Uamuzi huo ukatafsiriwa Kilatini, na tafsiri ilikuwa mbovu. Neno la heshima likageuzwa kuwa adoratio, yaani kuabudu. Tafsiri ikafika kwa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki huko Magharibi, na wataalamu wake wakasoma kwamba maaskofu wa Mashariki wameagiza picha ziabudiwe. Wakaghadhabika, wakaandika kitabu kizima cha kupinga, na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Frankfurt wa mwaka 794 ukalikataa jambo ambalo kule Nikea halikuwa limesemwa. Wote hao walikuwa Wakristo wa Kanisa moja, wenye Papa mmoja, miaka 700 na zaidi kabla ya Luther! Ikiwa wao waligombana kwa sababu ya neno moja, sishangai sisi wa Kadutu na Bagira kugombana kwa sababu ya maneno matatu.

Na Wakatoliki nao, niseme wazi, wamejiletea sehemu ya matatizo haya. Ijumaa Kuu wanafanya ibada ambayo kwa Kiswahili chao wanaiita "kuabudu msalaba". Watu wanapanga mstari, mmoja mmoja anapiga goti na kuubusu mti. Mprotestanti akisikia jina hilo, umwambie nini tena? Padri atakueleza kwamba anayeabudiwa ni Kristo aliyeuawa juu yake, na huo ndio msimamo wao tangu Thomas wa Akwino, mwalimu wao mkubwa wa karne ya 13: moyo unapoielekea picha kama picha, unamwelekea yule aliye kwenye picha. Ni hoja ninayoielewa. Ila ukilitumia neno "kuabudu" kwa mbao mara moja kwa mwaka, usishangae jirani akikuuliza mara 364 zilizobaki.

Ukitaka kujua mafundisho yao yenyewe, si ya mtaani, yako mahali wazi. Mtaguso wa Trento, Desemba 1563, ulisema sanamu hazina uungu wala nguvu ndani yake, na kwamba mtu asiziwekee matumaini kama walivyofanya wapagani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliwaonya wahubiri wasizidishe chumvi wanapomsema Maria. Na Novemba 2025 Vatikani ilitoa waraka unaosema kwamba cheo cha "Mkombozi Mwenza", ambacho baadhi ya watu walitaka apewe, hakifai kutumiwa. Kanisa linaloabudu kiumbe halijipimii maneno namna hiyo.

Kuna shtaka jingine huwa nalisikia, kwamba Wakatoliki wameondoa amri ya pili kwenye Biblia yao. Si kweli. Mwambie bwana yako afungue Kutoka 20 katika Biblia yake ya Kikatoliki, ataikuta yote. Wanahesabu tofauti tu: katazo la sanamu wanalihesabu ndani ya amri ya kwanza, na ile ya kutamani wanaigawa mbili, ndiyo maana kwenye katekisimu fupi ya watoto hulioni. Luther naye alihesabu hivyo hivyo katika katekisimu yake ndogo ya mwaka 1529. Tuliache hilo.

Sasa nifike pale tunapoachana kweli.

Miaka hii tumepewa mfano wa karibu. Huko Goma, mwaka 2007, kijana Floribert Bwana Chui, mtumishi wa serikali kwenye kazi ya kukagua bidhaa, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiingie kuwaua watu. Walimteka, wakamtesa, wakamwua. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri, hatua moja kabla ya kutangazwa mtakatifu. Mimi Mprotestanti nampa heshima kijana huyu kwa moyo wote. Nawasimulia wanafunzi wangu habari zake, na mwanangu akipata kazi mpakani nitamwambia, uwe kama Floribert. Hata sisi Bukavu, kila tarehe 29 Oktoba ikifika, tunamkumbuka Askofu Mkuu Munzihirwa aliyeuawa pale Nyawera mwaka 1996, na hatuulizani nani anasali wapi. Kuheshimu, basi, tunaheshimu wote. Lakini ndugu yangu Mkatoliki wa Goma anapiga hatua moja zaidi, anamwambia Floribert "utuombee". Hatua hiyo siipigi. Mstari wetu umepita hapo, mama, hapo tu. Na bado hatujafika kwenye kuabudu.

Kwa nini siipigi? Kwa sababu sioni katika Maandiko kwamba aliyekufa katika Bwana anasikia ninachosema nikiwa Kadutu, wala sioni mtume aliyetufundisha kumwita. Nasoma 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja, nikatosheka. Mkatoliki atanijibu, tena vizuri, kwamba aya nne kabla ya hapo, katika sura ile ile, Paulo anatuagiza tuombeane, na kuombeana hakukumwondolea Kristo upatanishi wake. Je, kifo kina nguvu gani ya kuvunja undugu wa waliomo ndani ya Kristo? Ataongeza Ufunuo 5:8, wazee wenye vitasa vya maombi ya watakatifu, na 2 Makabayo 15, ambapo Yeremia aliyekufa zamani anaonekana akiliombea taifa. Hapo utamwambia Makabayo haimo katika Biblia yako, naye atakwambia katika yake imo. Mazungumzo hayo yana umri wa miaka 500 na hayataishia sebuleni kwenu.

Hoja iliyo kali kuliko zote ilitolewa na Calvin, mwalimu wa Waprotestanti wa karne ya 16. Wakatoliki wanasema latria, ile latreia ya ibada, ni ya Mungu na dulia, yaani heshima, ni ya watakatifu. Calvin aliwauliza: dulia kwa Kigiriki maana yake ni utumishi wa mtumwa, je, kuwa mtumwa wa mtu si jambo zito kuliko kumheshimu? Na Paulo katika Wagalatia 4:8 analitumia neno hilo hilo kwa wale waliotumikia miungu isiyo miungu. Kumbuka pia kwamba "abudu" yetu imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya utumwa. Maneno mazuri ya vitabuni hayatoshi. Mtu anaweza kukariri tofauti ya latria na dulia bila kosa, na moyo wake ukawa umeshalala miguuni pa sanamu.

Na kwetu Kongo kuna jambo linaloongeza wasiwasi, nalo halina budi kusemwa. Ile Misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi yetu, tuliyozoea kuiita ya kizairwa, inaanza kwa kuwaita watakatifu pamoja na wahenga wenye moyo mnyofu. Kwa Mkatoliki huo ni uponyaji: babu yake aliyeishi kwa haki kabla ya wamisionari hakutupwa nje. Kwa Mprotestanti aliyelelewa na wazazi walioacha kutambika kwa machozi, huo ni mlango uliofungwa unaofunguliwa tena. Nimewaona watu wazima wakilia kwa sababu ya jambo hili, wa upande huu na wa upande ule. Usimruhusu mtu yeyote akwambie ni jambo dogo.

Basi utapimaje? Mimi nina kipimo kimoja tu, nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Mungu mwenyewe anamwagiza Musa atengeneze nyoka, na aliyeumwa akimtazama anapona. Ni sanamu iliyoagizwa na Mungu, kama wale makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano (Kutoka 25). Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja nyoka yule yule vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba, na anasifiwa kwa kumvunja. Shaba haikubadilika. Waliobadilika ni watu: mwanzoni walimtazama nyoka wakamwona Mungu aponyaye, mwishoni wakamwona nyoka.

Kipimo hicho kipeleke mtaani. Medali ya Maria iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki ili isipate ajali, huku dereva amelewa, hiyo ni hirizi. Maji ya baraka yanayofichwa chini ya kitanda dhidi ya mchawi, mtu asiyekanyaga Misa mwaka mzima, hiyo pia. Lakini usiishie kwa Wakatoliki, mama. Ingia na kwenye makanisa ya uamsho. Chupa ya mafuta ya upako inayouzwa kwa dola. Leso ya nabii chini ya mto. Picha ya mtumishi wa Mungu iliyobandikwa mlangoni ili pepo wasipite. Watatusomea Matendo 19:12, leso za Paulo, na ni kweli zimo. Nyoka wa shaba naye yumo. Ninayemwogopea ni yule anayelia kwa hofu leso ikipotea, halafu hashtuki akipitisha wiki bila kusali.

Mchungaji anayetaka sanamu zivunjwe akumbuke pia yaliyompata Luther. Mwaka 1522, Wittenberg, wafuasi wake walianza kubomoa sanamu makanisani. Alitoka mafichoni, akapanda mimbarani siku nane mfululizo kuwazuia. Aliwaambia, kwa maneno mengine, kwamba divai nayo imeharibu watu wengi, je, tuimwage yote? Lihubiriwe Neno, sanamu isiyotumainiwa na mtu itabaki kuwa mbao. Zürich hawakufuata njia hiyo, mwaka 1524 walizitoa zote kwa amri ya mji. Kwa hiyo hata sisi Waprotestanti hatuna sauti moja. Walutheri wengi wana msalaba wenye mwili wa Yesu juu ya altare mpaka leo.

Turudi nyumbani kwako. Usiiguse sanamu ya mama mkwe. Ni ya marehemu, na anayeiangalia jioni labda anamwona pia mama yake aliyekuwa akipiga magoti hapo hapo. Nyumba haikosi baraka kwa sababu ya plasta iliyopakwa rangi. Paulo anasema sanamu si kitu (1 Wakorintho 8:4). Bwana yako umwulize jambo moja, mkiwa wawili, si kwa kumtega: "Ukipiga magoti pale, unaongea na nani, na ikianguka ikavunjika utafanya nini?" Akisema atasikitika kwa ajili ya mama yake, kisha aendelee kusali bila hiyo, umeshapata jibu la swali lako. Akisema nyumba itapatwa na balaa, hapo mna la kuzungumza, na padri wake mwenyewe atakuwa upande wako.

Na wewe usilazimishwe. Dhamiri yako ikikataa kusema "utuombee", usiseme. Warumi 14 inakulinda wewe kama inavyomlinda yeye. Siku ya matanga kaa sebuleni pamoja na ukoo, kwenye mkeka, si mlangoni. Rozari ina Baba Yetu mwanzoni mwa kila fungu, hiyo itamke kwa sauti, ni yako. Matendo yatakayotajwa, kuzaliwa kwa Yesu, bustani ya Gethsemani, msalaba, ufufuko, karibu yote ni Injili, yafuate kimoyomoyo. Zikifika Salamu Maria, nyamaza, na kunyamaza kwako kusiwe kwa uso uliokunjwa. Kisha waombe wakuachie somo moja la Biblia ulisome wewe, wakwe wengi watalipokea kwa furaha.

Haya yote mwambie bwana yako wiki hii, jioni akishamaliza sala zake, wageni wakiwa bado hawajafika. Na kama kuna kitambaa cha kuweka chini ya sanamu siku hiyo, kipige pasi. Mama yangu alifanya hivyo miaka thelathini na wala hakuacha CEPAC. Ila yeye alikuwa akienda jikoni, na baba aliniambia baada ya kumzika kwamba siku zote alitamani angekaa.